Kipisi Chenye Chujio Jeupe

Miaka ile, jivu la sigara lilikuwa linaapishwa. Msicheke. Katika mji wa Itundwe, mji wa tumbaku ulio mwendo wa saa tatu magharibi ya Tabora, karani wa Baraza la Moto alikuwa anakiweka kipisi cha sigara juu ya kisahani cha kioo, anakisomea kiapo kwa niaba yake kwa kuwa chenyewe hakina mdomo, halafu anakitumbukiza ndani ya Kisomajivu. Ukumbi mzima unasimama. Boksi lile, kubwa kama jiko la kupikia harusi, linanguruma dakika mbili tatu, kisha linatoa neno moja kati ya mawili.

UZEMBE: misimu miwili ya kufyeka majani makavu kando ya barabara, kisha unarudi kwako.

KUSUDI: kifungo cha mti. Unapelekwa kambini, unapanda mche wa mninga pale pale ulipochoma, unaumwagilia, unaulinda na mchwa na mbuzi, na siku shina lake litakapojaa kumbatio la mtu mzima, unatoka. Sheria haikutaja miaka. Iliona haina haja, maana mninga haukui kwa haraka za mwanadamu. Mpaka kufikia mwaka huo wa 2079, alikuwa hajatoka hata mmoja.

Hesabu iliyokuwa inanguruma ndani ya boksi ilikuwa kazi ya Daktari Kalunde Mihayo, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na saba, ambaye siku zote alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kabla ya Mwaka wa Majivu, pale misitu ya miombo ilipowaka miezi minne mfululizo na jua likawa linaonekana kama kiini cha yai, Kalunde alikuwa kiwandani akihesabu jinsi sigara zinavyoungua. Baada ya moto ule, Serikali ilimwita ikamuuliza: je, ukipewa kipisi tu, unaweza kuirudisha hesabu nyuma mpaka kwenye kiberiti? Alisema anaweza. Alikuwa kijana, na alikuwa anaweza kweli. Karibu.

Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya hukumu, mshtakiwa aliletwa chumba cha ushahidi kuonyeshwa kipisi chake, kama sheria ilivyotaka. Wengi walikuwa wanakitazama mara moja na kugeuza uso. Msabila Ngassa hakugeuza. Alikuwa mrina asali wa miaka hamsini na minane, vidole vimekuwa vinene kwa miiba ya nyuki, na aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Hii ndiyo sigara yangu?"

"Ndiyo iliyookotwa msituni Isenga, baba," alisema Kalunde. "Iliwashwa dakika tisa kabla msitu haujashika moto. Ikawekwa chini, kwenye nyasi. Hakuna aliyeivuta."

"Hakuna aliyeivuta. Umejuaje, Daktari? Ulikuwepo?"

Askari aliyesimama mlangoni alikohoa. Kalunde alikwishaulizwa swali hilo mara nyingi, na jibu lake alilitoa kama alivyowatolea wanafunzi.

"Sigara ni bani dogo, lile banda la kukaushia tumbaku, lililolazwa. Mbele kuna moto. Nyuma ya moto tumbaku inakaangika. Nyuma zaidi inakauka tu. Mambo hayo matatu yanafuatana kama treni, na kila moja lina hesabu yake. Ukivuta, hewa inaingia kwa nguvu, moto unaruka kutoka nyuzi mia sita mpaka mia tisa, na moshi unapita kwenye chujio na kuacha lami. Mvuto mmoja, tabaka moja. Nikilikata chujio nayahesabu hayo matabaka, najua ulivuta mara ngapi, ulivuta kwa hasira au kwa raha. Usipovuta, moto unajiendea wenyewe, milimita nne kwa dakika, na chujio linabaki jeupe."

"Na hili ni jeupe."

"Kama kanzu ya Idi. Kwa hiyo ilitegwa, kama utambi. Na dakika hizo tisa kabla, baiskeli yako ndiyo peke yake iliyopita kwenye geti la Isenga. Na wiki moja nyuma, ulisema mbele ya watu kilabuni kwamba kama mmefungiwa msitu, bora uungue tukose wote."

"Nilisema," alikiri Msabila. "Nilikuwa nimelewa na nilikuwa nimefungiwa mizinga themanini. Ningesema na mabaya zaidi, pombe iliisha." Akainama tena. Halafu akafanya jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika katika chumba kile. Alicheka, tena kicheko cha tumboni.

"Ngoja. Wewe si mtoto wa Nyamizi? Nyamizi wa banda la kupangia tumbaku madaraja?"

"Ndiye mama yangu."

"Basi ulilelewa uani, jikoni hukuingia! Hiki ni kipisi cha mwanamke, binti. Tazama upande wa moto, ulivyobonyea. Hiyo ni midomo. Hiyo ni moto ndani! Wakata nyasi wa Isenga wote wanavuta hivyo, na mama yako alivuta hivyo, tena alikuwa anaimba huku moto uko mdomoni."

"Mzee, usimtukane mama wa Daktari," alisema askari.

"Nimemtukana wapi? Wewe unaweza kuimba na kaa la moto mdomoni?"

Kalunde alivuta hadubini, akaitazama ile ncha iliyoungua. Karatasi ilikuwa imebanwa pande mbili, sawasawa, na kando yake kulikuwa na mstari mwembamba uliokauka, wa rangi ya chai iliyolala. Mate.

Alisimama wima. Si kwamba alikuwa anajifunza jambo jipya. Alikuwa amelijua jambo lile kwa miaka kumi na moja.

*

Ilikuwa hivi. Walipokuwa wanaifundisha hesabu, Kalunde alikusanya vipisi elfu mbili kutoka vijijini, ili boksi lijue watu wanavyovuta kweli, si ile mashine ya kiwandani inayovuta sekunde mbili kila dakika kama imelipwa kwa zamu. Vipisi sitini na vitatu vilikuja na machujio meupe na ncha zilizobanwa. Vikaivuruga hesabu nzima. Mkutanoni, mbele ya wahandisi kumi na wawili waliotoka nchi tano, mmoja alionyesha picha ya bibi kizee anayevuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo. Akacheka. Wote wakacheka. Mtu akauliza kama bibi yule pia hulala ananing'inia kama popo. Wakamgeukia Kalunde, mwenyeji wao: hivi ni nini hivi?

Na Kalunde, aliyemwona mama yake akifanya vile kila siku ya utoto wake, alisema, "Ni uchafu wa sampuli. Viondoeni."

Maneno matano hayo. Yalimtoka haraka kama mtu anayefunika sufuria mgeni asione kilichoungua.

Mchana ule wa Jumanne alimkuta mama yake barazani, anachambua mchele. Bibi Nyamizi alikuwa na miaka themanini na moja na meno manne, na aliyatumia yote.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka gani saa nane mchana? Umekonda. Baraza haliwapi chakula?"

"Mayu, nionyeshe moto ndani."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Leo? Sheria yenu si inakataza moto barazani?"

"Nionyeshe bila moto."

Bibi Nyamizi aliokota kijiti kwenye mchele, akakitazama, akakigeuza, akakitia mdomoni kwa ule upande ambao ungekuwa unawaka. Akafunga midomo. Mashavu yakaingia ndani. Alizungumza hivyo hivyo, na kila neno lilisikika.

"Ulimi unaulaza chini. Unautandika, usiuguse moto, uache mate yapande kidogo pembeni. Pua ndiyo inapumua. Hewa unaivuta kwa mbali, kutoka nyuma, taratibu, kama unamnywesha mtoto uji. Tulianza hivi bandani. Bwana mkubwa wa banda alikuwa na sheria: cheche moja ikidondoka kwenye jani la daraja la kwanza, umefukuzwa kazi wewe na ukoo wako. Sasa mtu anafanya kazi kwa saa kumi, asivute? Tukaona moto ukae ndani. Wakata nyasi wakaiga kwetu, kwa sababu na wao wanakaa kwenye kitu kinachowaka."

"Na ukimaliza?"

"Unauzima kwa ulimi. Ukiutoa mdomoni ukiwa hai, umewaaibisha waliokufundisha." Akakitoa kijiti. "Mbona unauliza? Ulikuwa unaona aibu. Siku za mahafali ulikuwa unaniambia, mayu, leo usivute mbele ya walimu."

Kalunde alikaa chini sakafuni. Akamweleza mama yake yote: mkutano, picha, vipisi sitini na vitatu. Alipofika kwenye lile neno, alijaribu kuliruka.

"Ulisema ni nini?" mama aliuliza.

"Nilisema uchafu."

Bibi Nyamizi alirudi kwenye mchele wake. Alichambua muda mrefu, akitoa chuya moja moja. Kalunde angeshukuru kama angepigwa.

Alifungua kompyuta yake mapajani, pale pale sakafuni. Katika mlinganyo wake hewa ilikuwa inaingia mbele, kwenye moto, na kutokea nyuma, kwenye chujio. Moto ukiwa mdomoni ni kinyume chake: hewa inaingia kwa chujio, safi, na moshi unatokea moja kwa moja kinywani. Chujio halionji lami hata tone. Ilikuwa kazi ya kuweka alama moja ya kutoa, kistari kifupi kuliko kope, mbele ya namba ya hewa. Akaiweka. Akaongeza mvuke wa kinywa na upungufu wa hewa chini ya kaakaa. Halafu akakiita kipisi cha Isenga.

Hesabu ilijibu: kilivutwa na mtu, mara ishirini na sita, taratibu. Kilizimwa kwa maji. Hakikuwahi kugusa nyasi kikiwa hai.

Kile kipisi hakikuuchoma msitu. Kilidondoshwa tu na mwanamke fulani aliyekata nyasi zake akaenda zake, pengine wiki nzima kabla. Nani aliuchoma, basi? Msabila? Radi? Gari la walinzi wenyewe? Kipisi hakikujua, na kwa hiyo hata Kalunde hakujua.

Akaiambia hesabu ipitie faili za zamani, watu wote waliohukumiwa KUSUDI kwa sababu ya chujio jeupe, na kutafuta ncha zilizobanwa. Mama yake alimaliza ungo wa kwanza, akaanza wa pili. Kwenye kioo namba ilipanda, ikasimama kwenye thelathini na nane.

"Wangapi?" mama aliuliza, bila kuinua uso.

Kalunde akamwambia.

"Ni wanawake?"

"Wengi wao."

*

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Ndahani Chibehe, alikuwa anamalizia ugali na mlenda ofisini kwake. Alikuwa Mgogo, na kwa hiyo mtani wa Kalunde, na kwa miaka kumi na moja hakukosa hata siku moja kumkumbusha.

"Karibu, mpagazi! Umekuja kubeba meza au makabati?"

"Nimestaajabu Mgogo kuwa na sahani yake mwenyewe, bila ya kuomba," Kalunde alijibu, lakini sauti haikuwa na utani ndani yake, na Chibehe aliisikia. Akanawa mikono. Akafunga mlango.

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliomba aone ule mstari wa alama ya kutoa, akauona, akautazama kama mtu anayetazama nge kwenye kiatu chake.

"Thelathini na nane," alisema.

"Na huyu wa kesho."

"Na hujui kama hawakuchoma."

"Sijui. Huenda wako waliochoma. Ninachojua ni kwamba kipisi hakisemi hivyo, na tuliwafunga kwa kipisi."

Chibehe alikwenda dirishani. Kwa mbali miti ilionekana, mstari wa kijani ambao miaka kumi na moja nyuma ulikuwa mkaa mtupu.

"Kabla ya boksi lako, mikoa hii ilikuwa inawaka mara mia tatu kwa mwaka. Mwaka jana mara tisa. Unadhani watu wanaogopa sheria? Sheria ilikuwepo tangu mkoloni. Wanaogopa boksi, mtani. Wanaamini linaona. Kesho likisemwa kuwa lilikuwa kipofu wa jicho moja, mwezi wa tisa utaona moshi kuanzia Kaliua mpaka Rungwa." Akageuka. "Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Moto ulikuwa kilomita sitini kutoka kwetu. Hakuungua. Alikosa pumzi tu, kwa siku nne, mikononi mwangu. Sasa niambie, hesabu yako inamweka wapi?"

Kalunde aliifunga kompyuta.

"Sikiliza," Chibehe alisema, kwa upole sasa. "Nampa Msabila barua ya daktari. Ugonjwa wa mapafu. Kesi inalazwa, anakwenda nyumbani kesho saa nne. Wewe unaisahihisha hesabu kimya kimya, kuanzia sasa hakosewi mtu mwingine. Hawa wengine nitawatoa mmoja mmoja, kwa miaka. Huyu amezeeka, huyu ana mtoto mdogo, huyu amekuwa na tabia nzuri. Hakuna anayejua, msitu unabaki, jina lako linabaki."

"Miaka mingapi?"

"Kumi. Kumi na tano."

Tusidanganyane: ilikuwa ofa nzuri. Kalunde aliigeuza kila upande akitafuta mahali ilipooza, na mahali pekee alipopaona palikuwa ndani yake mwenyewe, pale ambapo maneno "jina lako linabaki" yalikuwa yameshamtuliza kidogo, kama maji ya baridi kwenye koo.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema.

*

Jumatano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hukumu za Kisomajivu zilikuwa kama mpira wa watani wa jadi. Watu walikuja na karanga. Wakata nyasi wa Isenga walikaa nyuma, miundu yao imebaki kwa askari mlangoni.

Karani alisimama na karatasi moja. "Kwa mujibu wa barua ya mganga, mshtakiwa Msabila Ngassa anasumbuliwa na ugonjwa sugu wa mapafu, na kwa huruma ya Baraza, shauri hili linalazwa bila hukumu, na mshtakiwa..."

"Nani anaumwa?" aliuliza Msabila kizimbani.

"Wewe," karani alisema.

"Mimi? Mimi sijaumwa tangu surua."

Ukumbi ukaangua kicheko. Chibehe akagonga meza. "Mzee Ngassa, umepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nenda."

"Niende kama nani? Kama mchoma msitu mwenye mapafu?" Msabila hakuwa anacheka tena. Mikono yake minene ilishika ukingo wa kizimba. "Nitapita njiani watoto wanajificha. Mizinga yangu imeungua mle mle, Mheshimiwa, nyuki wangu wamekufa mle mle, halafu niambiwe nimesamehewa? Someni kipisi. Kama ni changu nitapanda mti wenu, na nitaukumbatia mpaka nife. Kama si changu, semeni si changu. Binti wa Nyamizi yule pale anajua. Nilimwona jana usoni kwamba anajua."

Watu mia nne wakageuka. Kalunde alikuwa amekaa kando ya boksi lake, mikono magotini. Chibehe alimtazama kwa jicho la mtu anayemwomba, si la mwenyekiti, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Angemtisha ingekuwa rahisi.

Alisimama.

"Nani ana sigara?"

Kuingia ukumbi wa Baraza na sigara lilikuwa kosa. Hatimaye askari wa mlangoni, yule yule wa jana, aliinama akatoa moja kwenye soksi, akaipeleka mbele huku anatazama dari. Kiberiti cha Baraza kilikuwa kimefungwa mnyororo kwenye meza ya karani. Kalunde aliwasha, na pale watu walipotegemea avute, aliigeuza sigara, akautia moto mdomoni.

Mtu alipiga yowe. Kwenye viti vya nyuma, mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Eh! Moto ndani!" na wenzake wakaanza kucheka, kisha wakaacha.

Mama alikuwa ameimba huku anafanya hivi. Kalunde hakuweza hata kupumua. Aliutandika ulimi chini. Joto lilimgonga kaakaa kama kofi. Alivuta hewa kutoka mbali, taratibu, machozi yakamtoka, ulimi ukapanda wenyewe ukagusa, akasikia unaungua kwa sauti ndogo aliyoisikia yeye peke yake. Hakuitoa. Dakika moja. Mbili. Karani alikuwa amesahau kuketi. Dakika ya nne alifunga kinywa, akauzima kwa ulimi, akakitoa kipisi kinachovuja mate, akakiweka kwenye kisahani.

"Kiapishe," alimwambia karani. Neno lilitoka zito, limevimba.

Karani alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama meza. Karani akakisomea kiapo, akakitumbukiza.

Kisomajivu kilinguruma. Wote walikuwa wamekwishasimama. Lilikuwa boksi lile lile, na hesabu ile ile ya zamani, ambayo Kalunde alikuwa bado hajaigusa. Karatasi ikatoka, na karani akaisoma kwa sauti iliyokuwa inapungua.

"Haikuvutwa na mtu. Iliwashwa na kuachwa. KUSUDI."

Wenye karanga waliacha kumenya.

"Mtani," Chibehe alisema taratibu, "umejifunga mwenyewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa." Kila silabi ilimkata. "Miaka kumi na moja nyuma nililetewa vipisi vya namna hii sitini na vitatu. Nilijua ni nini. Niliona haya, nikasema ni uchafu. Boksi halikufundishwa. Kosa si la boksi."

Kule nyuma mwanamke wa makamo mwenye kanga ya kahawia alisimama juu ya benchi. "Daktari! Mimi ni mama wa Holo. Mwanangu alifungwa kwa chujio jeupe. Na yeye ni mkata nyasi. Na yeye ni moto ndani, nilimfundisha mimi. Ni wangapi?"

Kalunde alitia mkono mfukoni. Aliichapa ile orodha jana kabla ya kwenda kwa Chibehe, na usiku kucha hakuichana. Aliikunjua.

"Daktari, kaa chini," Chibehe alisema. "Hilo litapitia njia zake."

"Nitakaa nikimaliza."

Hakukuwa na askari aliyesogea. Yule wa soksi alikuwa amevua kofia. Msabila alikuwa bado amesimama kizimbani, hajaambiwa atoke wala abaki.

"Lugendo Kasubi," Kalunde alisoma.

Sauti ya mwanamume ikajibu karibu na dirisha, "Yuko kambini."

"Holo Magembe."

"Yuko," alisema mama yake, bado juu ya benchi. "Watoto wake ninao mimi."

"Sikujua Masele."

"Yuko kambini."

Aliendelea. Watu walizoea upesi, kama vile wamekuwa wanaingoja kazi hiyo; jina linatajwa, mahali fulani ukumbini mtu anaitika kwa niaba yake. Karani alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. La tisa lilikuwa Kabula Lutonja, na baada ya kulisoma hakuitika mtu. Kalunde alisubiri. Akadhani hana ndugu, akataka kupita.

"Huyo tulimzika mwezi wa tano," alisema mzee mmoja katikati ya ukumbi, bila kusimama. "Mti wake umefika hapa." Akanyoosha kiganja juu ya sakafu, usawa wa goti.

Hakuna aliyesema pole, maana hawakujua waielekeze kwa nani. Kalunde alitazama kile kiganja kilichobaki hewani. Kisha akamtazama karani, akalisoma jina lile tena, taratibu, herufi kwa herufi, kwa ulimi ule uliovimba, mpaka karani akaandika.

Akaenda kwenye la kumi.